Neno Alilopunguza Zipora

Sehemu ya Tisa

Tulipoachana, msomaji, mlango wa chumba cha peke yake ulikuwa umefungwa nyuma ya Zipora Mwalongo. Kitandani alikuwa Bibi Teodora, mgonjwa ambaye wodi nzima ilijua kwamba anasikia Kibena tu. Bibi akafungua mdomo, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka: "Keti, binti. Leo huna wa kumtafsiria."

Zipora hakuketi. Alibaki amesimama na barakoa yake usoni, mkono mmoja bado umeshika kitasa.

Kwa aliyechelewa kuungana nasi, mambo yako hivi. Zipora ana miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Wanging'ombe, na kazi yake ni ukalimani wa Kibena katika utafiti wa Daktari Fidelis Haule kwenye hospitali moja mjini Njombe. Dripu za saratani hupiga uvimbe, lakini hazichagui. Hupiga pia chembe mama za damu, zile zinazokaa ndani ya uboho wa mifupa na kuzaa damu yote ya mwili. Zikiumia sana, mgonjwa hubaki bila kinga, na homa ambayo mimi na wewe tungeilala siku moja inaweza kumwondoa.

Daktari Fidelis alikuwa na dawa ya maji iliyotengenezwa kwa majani ya mmea wa milimani. Kwa panya wa maabara, kitu kilichomo ndani ya majani hayo kilionekana kuzikinga chembe mama zisiharibiwe na dripu. Kwa binadamu hakuna aliyejua. Ndiyo maana nusu ya wagonjwa walipewa chupa zenye dawa, na nusu chupa za rangi na ladha ileile zisizo na dawa ndani. Hata daktari mwenyewe hakujua nani kapewa ipi.

Siku ya kuomba ridhaa, miezi miwili iliyopita, daktari alisema: "Huenda ikakukinga." Zipora akageuza kwa Kibena: "Itakukinga." Daktari akasema inawezekana chupa yako ikawa haina dawa. Zipora akaliruka. Daktari akasema una haki ya kukataa, na ukikataa utatibiwa vilevile. Akaliruka na hilo.

Wagonjwa kumi na wanne walitia dole gumba kwenye karatasi baada ya maneno hayo.

Sasa damu ya Bibi Teodora ilikuwa imeshuka mpaka akahamishiwa chumba cha peke yake, na hapo ndipo alipomwita Zipora.

"Bibi, umejua Kiswahili tangu lini?"

Bibi Teodora akamweleza polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Aliuza chai na maandazi kwenye stesheni ya reli ya Makambako kwa miaka ishirini na miwili kabla ya kurudi kijijini. Abiria wa treni hawanunui chai kwa Kibena. Siku ya kwanza hospitalini muuguzi mmoja alimtazama kitambaa chake cha kichwa na miguu yake, akasema huyu atahitaji mkalimani, naye Bibi akanyamaza. Baadaye akaona faida yake. Mtu akidhani husikii, hakufichi kitu.

"Humu ndani nimesikia habari zangu zote," alisema. "Hakuna aliyenibembeleza."

"Basi siku ile ulisikia."

"Nilimsikia daktari, nikakusikia na wewe. Mlisema vitu viwili tofauti."

Hapo Zipora akaketi. Maneno aliyoyabeba miezi miwili yakamtoka yote kwa mpigo. Alimweleza Bibi habari za mama yake mzazi, Fidelia, aliyepigwa dripu moja tu miaka miwili nyuma, akaona nywele zinadondoka na kinywa kimejaa vidonda, akakataa ya pili. Alifia nyumbani mwezi wa nne, akiwa amemshika Zipora mkono. Tangu siku hiyo Zipora aliamini kwamba mama angepewa neno moja la kumshikilia, angerudi hospitalini. Na asubuhi ile ya ridhaa alimsikia Bibi Teodora akimwambia mwanawe Amon kwamba anataka kwenda nyumbani.

"Nikaona unaondoka kama mama," alisema Zipora. "Nikakupa neno. Bila lile neno usingeendelea na dripu."

Bibi Teodora akatikisa kichwa.

"Nilimwambia Amon nataka kwenda nyumbani nikapange mbegu za viazi, kwa sababu yeye huzichanganya," alisema. "Siku tatu, halafu nirudi. Dripu nilishaikubali kabla hujafungua mdomo wako."

Msomaji, Zipora alikuwa na kitu kimoja tu kilichomfanya alale: kwamba uongo wake ulimbakiza mtu kwenye matibabu. Kitu hicho kikaondoka hapo, kwa sababu ya mbegu za viazi.

Akauliza kwa nini Bibi hakusema siku ile ile.

"Ningesema, ingebidi nikiri kwamba nasikia Kiswahili. Sikutaka." Bibi akageuza uso kuelekea dirishani. "Na Anjela, mgonjwa mwenzangu, alikuwa kitanda cha pili. Aliniuliza kwa Kibena, dada, umesikia? Nikamjibu nimesikia. Sikumwambia nimesikia nini. Hilo ni langu, usinisaidie kulibeba."

Kisha akasema kilichomfanya amwite. Amon alikuja dirishani jana jioni, akamweleza kwamba binti wa Anjela amempigia kutoka Makambako. Anjela ana joto la mwili siku ya tatu leo. Hataki kusikia habari ya hospitali.

"Mimi nilijua, nikanywa nikiwa najua," alisema Bibi Teodora. "Yule hajui. Ondoka hapa."

Zipora alipiga simu akiwa bado kwenye korido. Binti wa Anjela, Flora, alipokea. Ndiyo, mama alikuwa na joto. Ndiyo, walikuwa na ile kadi ya hospitali inayosema ukipata homa njoo mara moja, na Flora alimsomea mama yake mara mbili. Zipora akamwambia ampeleke hospitali sasa hivi.

"Nimejaribu," alisema Flora. "Anasema kadi ni ya wale wasiokunywa dawa ya majani. Anasema wewe ulimwambia. Njoo umwambie mwenyewe, mimi hanisikii."

Saa tatu na nusu Zipora alikuwa ndani ya basi. Ukungu ulikuwa haujainuka juu ya miti ya misonobari, na abiria walijikunyata ndani ya makoti yao. Njia nzima alijaribu kupanga maneno ya kumwambia Anjela. Kila alipofika kwenye "lakini", alirudi mwanzo.

Makambako alishukia karibu na soko la viazi, akavuka nyuma ya maghala, akafika. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Jiko la mkaa lilikuwa linawaka katikati ya chumba, na Anjela alikuwa amekaa kwenye godoro akiwa na sweta mbili na blanketi. Ana miaka hamsini na sita, mwanamke mnene wa mifupa, mwenye mikono iliyochagua viazi maisha yake yote. Macho yake yaling'aa kwa homa.

Alipomwona Zipora, alifurahi. Ndilo jambo ambalo Zipora hakuwa amejiandaa nalo.

"Kamwene," Anjela alimsalimu kwa Kibena, akapanua mikono. Akamwambia Flora atandike mkeka, mtoto wake wa hospitali amekuja kumwona. Kwenye kigoda ilikuwepo chupa ya dawa, imebaki kidogo chini. Anjela akaionyesha kwa fahari. Tangu joto lianze alikuwa anakunywa vijiko vinne badala ya viwili.

Zipora hakukaa kwenye mkeka. Alipiga magoti palepale sakafuni, akamgusa paji la uso, akautoa mkono haraka.

"Mama, nilikudanganya," alisema kwa Kibena.

Anjela alitabasamu kidogo, kama mtu anayesubiri umalizie.

Zipora akamweleza. Kwamba daktari alisema huenda dawa ikamkinga, na huenda isimkinge. Kwamba inawezekana chupa hii haina dawa kabisa. Kwamba alikuwa na haki ya kukataa. Kwamba hakuna kijiko cha dawa hii kinachoweza kupambana na homa aliyonayo, na kila saa anayokaa hapa ni ya hatari.

Flora alikuwa amesimama mlangoni na unga wa ugali mikononi. Hakuusogeza mguu.

"Daktari ndiye aliyekutuma useme vile?" Anjela aliuliza.

"Hapana. Daktari alisema kweli. Mimi ndiye niliyegeuza."

"Kwa nini?"

Zipora alifungua mdomo. Habari ya mama yake Fidelia ilikuwa tayari pale kwenye ulimi, na machozi yake pia. Akakumbuka namna ilivyosikika asubuhi ile mbele ya Bibi Teodora. Akaifunga.

"Sina sababu ya kukupa, mama," alisema.

Anjela akaichukua chupa kutoka kwenye kigoda, akaitazama dhidi ya mwanga wa mlango, akairudisha. Kisha akamwambia Flora amletee viatu.

Zipora akainuka kuchukua mfuko wa nguo. Anjela akamzuia kwa kiganja.

"Acha. Atabeba Flora."

Jirani mmoja alikuwa anapakia viazi kwenye kirikuu, kigari chake cha mizigo. Flora alimweleza kwa maneno mawili, naye akashusha magunia bila kuuliza la tatu. Zipora alimpigia Daktari Fidelis akiwa amesimama kando ya gari. Daktari akamwambia wasianze safari ya Njombe, wampeleke kwanza hospitali iliyo karibu hapo mjini, apigwe sindano ya kuua wadudu ndani ya saa hiyo, halafu gari la wagonjwa limlete.

"Umejuaje kama ana homa?" daktari akauliza. "Na unafanya nini Makambako siku ya kazi?"

"Nitakueleza nikifika, daktari. Nitakueleza yote."

Hospitalini hapo kipimo kilisoma nyuzi thelathini na tisa na pointi sita. Sindano ilipigwa, dripu ya maji ikafungwa, na saa nane mchana gari la wagonjwa liliondoka Makambako. Nyuma alipanda Flora na muuguzi. Zipora alipotaka kupanda, Flora alimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mbele kuna nafasi. Zipora akakaa mbele na dereva. Kilomita zote zile alisikia nyuma yake Anjela akiongea na binti yake kwa Kibena, lugha ambayo Zipora anaijua kila neno, na hakuna hata neno moja lililomhusu.

Walipofika Njombe, Anjela aliingizwa chumba cha pili kutoka kwa Bibi Teodora. Muuguzi alisema wamemuwahi. Hakusema zaidi, na Zipora hakuthubutu kuuliza zaidi.

Akaenda moja kwa moja ofisini kwa daktari.

Daktari Fidelis ni mtu wa Ludewa, mrefu, mwenye tabia ya kuandika huku akikusikiliza. Zipora alisimama mbele ya meza akaanza kusimulia, na kalamu ikaendelea kutembea. Alipofika kwenye neno "itakukinga", kalamu ikasimama. Haikutembea tena.

Hakupaza sauti. Aliuliza swali moja tu.

"Wangapi?"

"Kumi na wanne. Wote wa Kibena."

Daktari akasukuma karatasi yake kando. Kisha akasema kitu ambacho Zipora hakukitegemea.

"Nilikuwa nimekaa pale pale. Nasema sentensi tano, wewe unasema mbili. Nikawa najiambia Kibena ni lugha fupi." Akafunika kalamu. "Sikuwahi kukuuliza. Wagonjwa walikuwa wanakubali haraka, nami nikafurahi kwamba wanakubali."

Akamwambia yatakayofuata. Utafiti utasimama leo. Ataandika barua kwa kamati ya maadili, na jina lake mwenyewe litatangulia. Zipora ataondoka kazini, na pengine ataitwa kuhojiwa. Kama majani yale yanakinga au hayakingi, sasa itachukua muda mrefu zaidi kujua, na kuna wagonjwa ambao hawana muda huo.

Zipora akavua kitambulisho chake shingoni, akakiweka mezani.

"Bado," alisema daktari, akakisukuma nyuma. "Barua haiwezi kumpigia mtu simu kwa Kibena. Keti."

Akatoa orodha. Wawili walikuwa hapo wodini. Walibaki kumi na wawili. Daktari aliweka simu ya ofisi katikati ya meza, akawasha spika, na akampa masharti: aseme jina lake, aseme alichogeuza, aseme alichoruka, halafu aulize kama kuna homa. Mwenye homa aje leo. Asijitetee.

Wa kwanza alikuwa mzee wa Wanging'ombe, akacheka, akidhani anatapeliwa, mpaka mkewe akachukua simu. Wa pili alilia. Wa tatu alisema alishahisi, kwa sababu shangazi yake anakunywa dawa hiyohiyo na aliambiwa vingine kwa Kiswahili. Wa nne alimwita Zipora jina ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa, na Zipora akasema ndiyo, mama, halafu akauliza kama ana homa. Hakuwa nayo. Wa tano alikuwa na kijoto kidogo, na mwanawe akaahidi kumpakia kwenye pikipiki saa hiyohiyo. Wa sita alikata simu. Wakampigia tena, akasikiliza mpaka mwisho, akakata tena.

Wa saba alimshukuru. Hilo lilikuwa gumu kuliko la wa nne.

Saa kumi na moja kasoro dakika chache sauti ya Zipora ilikuwa imekauka. Daktari alimsogezea glasi ya maji, akaweka kidole kwenye jina la nane: Jenifa Msigwa, miaka arobaini na moja, mume wake Mika.

Zipora alimkumbuka. Mwanamke mwembamba, mwenye aibu, aliyeuliza swali moja tu siku ile: je, akiumwa usiku watoto wakiwa wadogo, afanye nini? Na Zipora alimjibu asiwe na wasiwasi, damu yake itakuwa na ulinzi.

Simu iliita mpaka ikakatika. Wakapiga tena. Ikapokelewa na mwanamume, na nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi, vyombo vikioshwa, na mtu akisoma Biblia kwa sauti ya kusomea umati.

Zipora alisema anapiga kutoka hospitali ya Njombe, anamtafuta mama Jenifa.

"Jenifa tumemzika jana," alisema Mika.

Daktari Fidelis aliinua kichwa.

Mika hakungoja kuulizwa. Labda kila aliyekuja msibani alimuuliza, naye alishazoea kusimulia. Alisema Jenifa alipata joto siku nne. Siku ya pili alileta pikipiki mpaka mlangoni, akamshika mkono amtoe nje. Jenifa akakataa. Alisema yule dada wa hospitali, Mbena mwenzetu, alimhakikishia kwamba damu yake ina ulinzi na homa itapita. Siku ya nne hakuwa na nguvu ya kukataa, lakini hakufika barabarani.

"Mimi nilitaka kumlazimisha," alisema Mika. "Nikasema labda hao wa hospitali wanajua kuliko mimi. Sasa nakaa hapa najiuliza kwa nini sikumbeba tu. Alikuwa mwepesi."

Daktari alinyoosha mkono kwenye kitufe cha kukata simu. Zipora akaivuta simu kwake.

"Na wewe ni nani?" Mika aliuliza. "Hujaniambia jina."

Alikuwa anaweza kusema jina lolote. Alikuwa anaweza kusema ni muuguzi wa zamu, pole sana, Mungu awatie nguvu, na kuweka simu chini. Mika asingejua kamwe. Angeendelea kujilaumu yeye, kwa ajili ya pikipiki na kwa ajili ya wepesi wa mke wake.

"Ni Zipora Mwalongo," alisema, na akahamia Kibena. "Yule dada wa hospitali ni mimi. Daktari hakusema damu ya Jenifa italindwa. Mimi ndiye niliyesema. Jenifa hakukosea kukataa, na wewe hukukosea kumsikiliza."

Upande wa pili msomaji wa Biblia alimaliza, watu wakaitikia. Mlango ulifungwa, kelele zikapungua. Mika alikuwa ametoka nje, au ameingia ndani peke yake.

"Uko wapi sasa hivi?"

"Ofisini kwa daktari."

"Mama yake Jenifa yuko hapa kwangu," alisema Mika. Sauti yake ilikuwa ya chini, haina hasira bado. "Tangu juzi hajala. Ananiuliza mimi kwa nini mwanaye hakupelekwa. Mbele ya watu wote ananiuliza. Usitoke hapo. Namleta."

Simu ikakatika.

Daktari Fidelis alitazama saa ya ukutani. Kwa gari la kukodi, kutoka kijijini kwa Mika mpaka Njombe ni saa moja na dakika kidogo. Akamwambia Zipora kwamba hana lazima ya kuwangoja, kwamba walinzi wanaweza kuitwa, kwamba daktari mwenyewe anaweza kuwapokea.

Zipora akageuza kiti chake kikatazama mlango. Akavuta orodha karibu, akaweka kidole kwenye jina la tisa, akaanza kubonyeza namba.